Makaa Chini ya Paneli

Anayetaka habari za umeme hapa mtaani kwetu aje kwangu, asihangaike na watu wengine. Nimesoma mpaka darasa la tano, na hilo la tano nilikaa miaka miwili, kwa hiyo kwa hesabu yangu ni kama nimefika la sita. Redio ya kwanza mtaani ilikuwa yangu. Simu ya kwanza yenye tochi ilikuwa yangu. Umeme umenipiga mara tatu, na mara zote tatu ni umeme uliochoka. Kwa hiyo msinibishie ninapowaeleza yaliyompata mpwa wangu. Nilikuwepo, na kama nisingekuwepo huenda angekuwa salama.

Mpwa wangu huyu ni binti wa dada yangu wa pekee. Mtaani wanamwita Kokoto, kwa sababu alianza kuponda mawe machimboni pamoja na mama yake tangu meno ya mbele hayajaota vizuri. Kwa asiyeijua kazi ile, iko hivi: unakaa chini, miguu umeinyoosha, mbele yako kuna jiwe kubwa la kupondea. Mkono wa kushoto unashika pete iliyokatwa kwenye tairi la baiskeli, ndani ya pete ndipo linapokaa jiwe lako lisirukeruke. Mkono wa kulia ni nyundo. Unaponda mpaka debe lijae, kisha unaanza debe lingine. Lori linakuja likitaka, likikataa unakaa na vichuguu vyako vya kokoto kama mwenye mali.

Aliponda miaka kumi na tisa. Mwaka huo wa kumi na tisa kipande kikaruka juu ya pete, kikaingia jicho la kushoto. Mimi ndiye niliyempeleka zahanati, nimembeba nyuma ya baiskeli, nikimwimbia nyimbo za kijinga ili asilie. Hakulia. Daktari akamfunga, akamwambia maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Hili limekwenda, mama. Umebaki na moja. Ukirudi kule, hata hilo moja ni suala la siku tu." Nyumbani alikuwa na watoto wawili wa shule, na mume aliyeondoka kwenda kutafuta kazi. Mpaka leo anaitafuta.

Hapo ndipo mashine ilipomwokoa. Wanawake wanane wa mtaani, yeye akiwa mmojawapo, walikuwa na kikundi cha kuweka akiba. Wakanunua mashine ya kutotolea vifaranga, sanduku la mbao lenye kioo mbele, ukubwa wake kama kabati la vyombo. Ndani kuna trei za mayai, sinia la maji, kipimajoto, na balbu nne za kuleta joto badala ya kuku. Wakapiga kura mashine ikae kwa nani, wote wakamtaja Kokoto. Kila mmoja alikuwa akileta mayai thelathini, ameyachora alama yake kwa kalamu: huyu msalaba, huyu duara, huyu nyota inayofanana na buibui. Kila vifaranga kumi vikitoka, kimoja ni cha mtunzaji. Na sheria ilikuwa moja tu. Aliitoa mwenyekiti wao, mwanamke mnene wa sauti, muuza unga, ambaye hata akikusalimia unajisikia umekosa.

"Atakayeunguza au kupoza mayai ya watu," alisema, "mashine inaondoka kwake siku hiyo hiyo. Hatukai kikao cha pili."

Kokoto aliipenda mashine ile kuliko alivyompenda mumewe, na nina ushahidi, kwa sababu mume hajawahi kufutwa vumbi kila asubuhi. Mayai aliyageuza mara tatu kwa siku, kila yai kwa mkono. Siku ya saba aliziba dirisha kwa blanketi, akayamulika moja moja kwa tochi, lile jicho moja limekaribia ganda mpaka kope zinaligusa.

"Mjomba, njoo uone. Huyu ana moyo. Unaona unavyoruka?"

"Naona wekundu tu."

"Angalia vizuri."

"Mwanangu, una jicho moja na unaona kuliko mimi mwenye mawili."

"Wewe unayo mawili, mjomba, ila yote yanakuangalia wewe mwenyewe."

Ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Mimi namtania, yeye ananichoma.

Sasa, umeme. Upande wetu wa mtaa nguzo ni chache, na nyumba yenye mita ilikuwa moja, ya karani mstaafu tuliyemwita Mwenye Mita. Ni mita ya kulipia kwanza: unanunua uniti, unabonyeza namba, zikiisha giza. Yeye alivuta waya kutoka kwake mpaka kwa majirani, juu ya paa na matawi, na akatoza kwa kuangalia una nini. Balbu bei yake, redio bei yake. Mashine ya Kokoto aliizunguka mara mbili, mikono mgongoni, akasema, "Hii inakula kama ng'ombe." Akatoza ya ng'ombe.

Bei ilipanda mwaka ule mara mbili. Kila ilipopanda, Mwenye Mita alinyoosha kidole juu kama anamsingizia Mungu. "Si mimi, ni huko juu." Mzunguko mmoja Kokoto alipata vifaranga vyake kumi na tisa, kumi na vinne vikaenda kulipia waya. Na uniti za karani zilipokaribia kwisha, alizima majirani kwanza ili abakize za taarifa ya habari. Kokoto akawa anawasha jiko la mkaa pembeni ya mashine, anapepea huku anakitazama kipimajoto, macho yanatoka machozi ya moshi. Samahani, jicho.

Ndipo akauza kitanda cha chuma alichoachiwa na mama yake, akaongeza na akiba yake ya vifaranga, akanunua sola. Paneli moja pana kama mlango, betri nzito kama mtoto wa darasa la kwanza, na kisanduku kidogo chenye taa tatu: kijani betri imeshiba, njano ina njaa, nyekundu inakufa. Fundi wa redio alibadilisha balbu za mashine ziweze kula betri. Nyaya nilifunga mimi, nikikataa ushauri wa kila aliyepita.

Paneli hapa kwetu haipandi paani. Ukiilaza juu, utaamka umebakiwa na misumari. Kwa hiyo tunaanika. Asubuhi unaitoa uani kama unavyotoa nguo, unaiegemeza jua linakotoka, mchana unaigeuza, jioni unaiingiza ndani na unalala nayo chumba kimoja. Kazi hiyo niliichukua mimi. Na kwa kuwa naifanya kila siku, nikaanza kuichunguza, na nikagundua jambo ambalo niliona hata waliotengeneza hawalijui. Asubuhi ukiigusa paneli ni baridi, na taa iko njano. Saa sita ukiigusa inachoma vidole, na taa ni kijani. Nikajua: kitu hiki kinakula joto. Nani atabisha? Jua ni moto, kinakula moto, kinatoa moto kwenye mayai. Nilimfundisha kila mtu, mpaka watoto wa shule.

Siku tuliyowasha sola nilifanya jambo moja zaidi. Nilikunja waya wa karani, nikaubeba begani mpaka kwake, nikautupa mlangoni mbele ya majirani. Nikamwambia, "Chukua, mzee mwenzangu. Ukaanikie nguo." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Karani aliuokota, akauingiza ndani. Kokoto alinisema jioni ile.

"Mjomba, ungemrudishia kwa mkono."

"Kwani nilimrudishia kwa mguu?"

"Ipo siku nitauhitaji."

"Hutauhitaji. Una jua."

Mizunguko miwili ilikwenda vizuri. Vifaranga vyote vyake vikawa vyake. Akanunua viatu vya watoto, akalipa ada, akaanza kunona kidogo usoni. Alipita njia ya machimboni na kikapu chake kichwani, hakutazama kule hata kwa bahati mbaya.

Mzunguko wa tatu mayai mia mbili na arobaini yaliingia. Siku ya kumi na tano mawingu yakafunga. Si mvua, afadhali ingekuwa mvua ikaisha. Ni yale mawingu ya kijivu yaliyolala juu ya mapaa kama godoro lililolowa. Siku ya kwanza taa ikawa njano mchana kutwa. Siku ya pili njano. Kokoto aliifunika mashine kwa mablanketi, akalala chini bila kitu. Siku ya tatu jioni ikawa nyekundu.

Asubuhi ya nne, ambayo ilikuwa siku ya kumi na nane ya mayai, kipimajoto kilikuwa kimeanza kushuka. Alivaa kandambili zake.

"Naenda kwa Mwenye Mita."

"Kufanya nini?"

"Kumwomba waya. Nitampigia magoti."

Nikasimama mlangoni. Nasema ukweli, nilichofikiria si mayai. Nilifikiria uso wa yule karani, na majirani waliocheka siku ile wakicheka tena, safari hii upande wake.

"Nipe saa moja," nikasema. "Hii kitu inakula joto. Jua halipo, tuilishe sisi."

"Una uhakika, mjomba?"

"Mwanangu, mimi nimewahi kukudanganya?"

Angejibu ndiyo, na angekuwa sahihi. Lakini mimi ndiye niliyembeba kwenye baiskeli. Akavua kandambili.

Niliilaza paneli juu ya mawe manne uani. Nikawasha makaa kwenye beseni kuukuu la bati, nikayapepea mpaka yakawa mekundu sawasawa, nikalisukuma beseni chini ya paneli, katikati kabisa. Nikarudi nyuma, mikono kiunoni. Kwanza ilinuka kama chupa ya plastiki iliyoanguka jikoni. Nikasema hiyo ni harufu ya kufanya kazi. Kisha kioo kikalia, ta! Mstari mmoja ukapita, halafu mingine ikatawanyika kutoka katikati mpaka pembeni, na mgongo wa paneli ukaanza kuvimba na kudondosha kitu cheusi juu ya makaa. Ndani ya nyumba, ile taa nyekundu ikazimika.

Kokoto alitoka. Hakupiga kelele.

"Mjomba, ondoa makaa."

"Subiri kidogo, labda ndiyo inashika..."

"Ondoa makaa."

Alikwenda kwa karani miguu peku, mimi nyuma yake. Na hapa lazima nimtendee haki yule mzee. Hakunicheka. Hakunyoosha kidole juu. Aliingia ndani, akatoka na waya wake, bado umekunjwa vile vile nilivyoukunja mimi, akasema, "Chukua, mama. Lakini umeme umekatika tangu saa mbili. Wanasema utarudi jioni." Kisha akavaa koti, akaja kusaidia kuuvuta juu ya matawi na kurudisha balbu za zamani, ili umeme ukirudi usichelewe hata dakika.

Tulichemsha maji. Tulijaza kila chupa iliyokuwepo, tukazifunga kwa nguo, tukazipanga kati ya trei. Chupa zikiwa moto kipimajoto kinapanda kupita kiasi, Kokoto anafungua mlango. Zikipoa kinaanguka, anafunga, tunachemsha tena. Karani alikuwa anasoma namba kwa sauti kama anaita majina ya wanafunzi. "Thelathini na tisa. Thelathini na nne. Thelathini na moja. Ishirini na tisa." Kwenye ishirini na tisa tulikaa muda mrefu, maana mkaa ulikwisha. Mkaa mwingi niliumaliza mimi asubuhi.

Umeme ulirudi jua likizama. Kokoto alitoa yai moja, akalimulika, akalirudisha. Akatoa la pili. Nilimwuliza kama anaona moyo. Alisema siku hizo za mwisho kifaranga kinajaza ganda, ni giza tupu, huwezi kujua. Nilijua anajua.

Siku ya ishirini na moja wanawake walikuja na vikapu vyao, kama kawaida. Walikuta vifaranga kumi na tisa. Wakasubiri mpaka kesho yake alasiri, hakikutoka kingine. Mwenyekiti alivunja mayai machache kwenye sufuria, mbele ya wote. Ndani vilikuwa vifaranga kamili, vina manyoya, vina kucha, vimekunja shingo tayari kugonga. Mwanamke wa alama ya nyota alifunika mdomo. Katika yale yake thelathini hakikutoka hata kimoja, na alikuwa ameshawaahidi watu.

Kwa desturi Kokoto alistahili kifaranga kimoja. Alimpa yule wa nyota.

Wakakaa kikao pale pale uani. Mimi niliwekewa kigoda, kwa heshima ya ujomba.

"Ilikuwaje?" mwenyekiti akauliza.

"Mawingu," akasema Kokoto.

"Mawingu tu?"

"Mawingu, na betri ikaisha."

Hakunigeukia. Angeweza kunyoosha mkono tu, beseni lilikuwa hatua tano kutoka pale. Basi mwenyekiti akanigeukia yeye.

"Mjomba, wewe ndiye fundi wa nyumba hii. Umetufundisha umeme mtaa mzima. Una la kusema?"

Mimi, ambaye nikianza kuongea kwenye msiba watu husahau maiti, nilihisi ulimi umekuwa mzito kama soli ya kiatu. Wanawake saba wananitazama. Nikasema:

"Mawingu yalikuwa mazito sana."

Wakapiga kura. Mikono saba ilinyanyuka, mmoja mmoja, wa mwisho ni wa yule wa nyota. Mashine ilifungwa kamba, ikabebwa na wanawake wanne mpaka kwa mwenyekiti. Kokoto aliwatangulia kuwaondolea mawe njiani wasijikwae.

Wiki iliyofuata niliichukua paneli, nikaipeleka kwa fundi wa redio kuuliza kama inapona. Aliigeuza, akaona mgongo wake, akaniuliza imeungua na nini. Nikamweleza jinsi inavyokula joto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kijana wa watu, ana adabu.

"Mzee, paneli inakula mwanga. Joto haliitaki. Ikichemka ndiyo kwanza inazidi kuchoka. Hata yale mawingu yalikuwa yanaipa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo. Labda balbu mbili. Mngefunika vizuri na kuchomeka waya wa karani jioni, mngefika."

Nilirudi kwa njia ya mbali. Nilipofika kwa mwenyekiti sikukubali hata kiti. Nilisema yote nikiwa nimesimama, waya, makaa, beseni, na kwamba Kokoto alitaka kwenda kuomba umeme nikamzuia. Alikuwa anapima unga. Hakuacha kupima.

"Tunajua, mjomba."

"Mnajua nini?"

"Beseni la majivu lilikuwa pale uani. Kioo kimepasukia katikati. Karani alikuwepo. Ulidhani sisi watoto?"

"Sasa mbona mlinyanyua mikono?"

"Nilikuuliza mbele ya watu wote. Sheria inasema atakayepoza. Ungesema ni wewe, tungekutoza wewe na mashine ingebaki pale pale. Binti alikataa kukutaja. Wewe ukataja mawingu." Akafunga mfuko wa unga, akaukaza. "Tulitaka usikie unavyosema."

"Basi leo nimesema. Irudisheni."

"Wameshaleta mayai hapa. Na hapa kwangu wameniwekea mita. Wenzangu wamesharidhika, sitaenda kuwaamsha kwa sababu mjomba amepata sauti." Aliponiangalia sikuona hasira, na hilo lilinishinda zaidi. "Umechelewa, baba. Nenda."

Nilikwenda moja kwa moja machimboni. Kokoto alikuwa amerudi kule siku ya tatu baada ya kikao, na mimi nilikuwa sijathubutu kupita njia ile. Vumbi lilikuwa jeupe kila mahali, nyundo zinapishana. Nilimtambua kwa namna anavyogeuza shingo yote kutafuta jiwe, badala ya kugeuza jicho. Pete ya tairi ilikuwa mpya. Alikuwa amejifunga kitambaa usoni mpaka chini ya jicho lake zima, na juu ya jicho hakuna kitu, kwa sababu akiliziba atapondaje?

Nikachuchumaa mbele yake.

"Nimekwenda kwa mwenyekiti," nikasema. "Nimesema ukweli wote."

Nyundo ilisimama hewani kidogo.

"Lini?"

"Sasa hivi. Natoka huko."

"Akasemaje?"

Nilitafuta uongo mzuri. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikupata.

"Amekataa."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa saa. Akaweka jiwe ndani ya pete, akalisogeza mpaka likakaa.

"Sogea, mjomba," akasema. "Vipande vinaruka."